Kiitaliano cha ufukweni kimeniangusha darasani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Watamu. Nimekua nikisikia Kiitaliano tangu sijaanza shule, na kaka yangu anafanya kazi hotelini. Sasa niko mwaka wa kwanza chuoni Mombasa, nasomea utalii, na muhula huu tuna somo la Kiitaliano cha mwanzo. Nilijua nitawapita wote. Jaribio la kwanza nimepata 11 kati ya 30, na wenzangu kutoka bara ambao hawajawahi kusema hata ciao wamepata 20 na zaidi. Mwalimu wetu anasema nina "Kiitaliano cha ufukweni" na kwamba inabidi nikisahau chote, kisha nianze upya. Je, ni kweli inabidi nikisahau? Zimebaki wiki saba kabla ya mtihani wa mwisho. Nakutumia picha za karatasi yangu.

Jibu: Marhaba, binti yangu. Karatasi nimeisoma yote, mpaka maneno uliyoyakata. Kwanza usione haya kwa hiyo 11. Usisahau chochote pia. Ila mwalimu wako amegusa jambo la kweli, na nitakueleza ni lipi.

Tuchukue mistari minne ya mwanzo ya insha yako, ile ya kujitambulisha. Umeandika: Io essere studente. Io avere venti ano. La mia fratello lavorare in hotel. Mi piace molto i gelati. Yaani wewe ni mwanafunzi, una miaka ishirini, kaka yako anafanya kazi hotelini, na aiskrimu unazipenda sana. Mwitaliano yeyote akisoma hapo ataelewa kila kitu, tena atatabasamu. Lakini mtihani haupimi kama umeeleweka. Ulitakiwa kuandika: Sono studentessa. Ho vent'anni. Mio fratello lavora in albergo. Mi piacciono molto i gelati. Sasa ziweke hizo mbili sambamba uzitazame. Maneno yako karibu yote ni yale yale, na kilichokosekana kiko mikiani, yaani mwishoni mwa maneno.

Hicho ulichoandika kina historia. Waitaliano hawakuja kwetu jana. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini tangu miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Baadaye zikaja hoteli na majumba ya Malindi na Watamu. Wazee wetu walijifunza lugha kazini, na Waitaliano wenyewe, wakidhani wanamrahisishia mtu, walisema nao kwa vitenzi vitupu: tu andare, io pagare, domani venire, yaani wewe kwenda, mimi kulipa, kesho kuja. Tukawarudishia kile kile walichotupa. Unakijua Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi cha "mimi hapana taka" na "wewe leta chai"? Basi io essere, "mimi kuwa", ni Kisetla cha Kiitaliano. Fikiria Mwitaliano aende darasa la Kiswahili na Kisetla chake. Maneno anayo, matamshi si haba, woga hana, lakini karatasi itarudi nyekundu.

Kwa hiyo una mtaji ambao wenzako wa bara hawana. Wao wamekupita kwa sababu walianza bila kitu, wakaingiza kila neno na mkia wake. Wewe maneno ulikuwa nayo yamekatwa mikia, na sasa unairudishia mmoja mmoja. Kazi hii haichukui muda kama wa kujifunza neno jipya, lakini inaudhi zaidi, kwa sababu mdomo umeshazoea.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kwamba Kiswahili na Kiitaliano vinafanya kazi ileile, ila kimoja kinaifanyia kichwani na kingine mkiani. Sisi tunasema chumba kipya kimefungwa. Vikiwa vingi, vyumba vipya vimefungwa. Habari yote iko mwanzoni mwa neno: ch-, ki-, ki-, vy-, vi-, vi-. Mwitaliano anasema la camera nuova è chiusa. Vikiwa vingi, le camere nuove sono chiuse. Hesabu mwenyewe. Hakuna neno hata moja lililobaki kama lilivyokuwa. Mwanafunzi anayekuja kutoka Kiingereza akiona hivyo hushika kichwa, maana kwao new ni new milele. Sisi upatanisho tumeunyonya pamoja na maziwa. Shida yetu ni kwamba sikio letu limefundishwa kuchungulia mlangoni, likishasikia vi- limeridhika, linaacha kusikiliza. Kumbe Mwitaliano mzigo wake anaufunga nyuma. Unasikia camer... unadhani umeshaelewa, na lile -a au -e linapita bila kupokewa.

Tena yeye ngeli zake kimsingi ni mbili tu, za kiume na za kike, kwa umoja na wingi. Sisi tuna ngapi? Hata walimu wanabishana. Usiogope basi. La kuangalia ni yale maneno yanayoishia kwa -e, kwa sababu hayasemi jinsia yake: il mare, bahari, ni la kiume, la chiave, ufunguo, ni la kike, il pesce, samaki, la kiume, la notte, usiku, la kike. Kuna na wakorofi wachache: la mano huishia kwa -o na ni la kike, il problema huishia kwa -a na ni la kiume. Dawa ni moja, usiandike neno daftarini bila lile neno dogo la mbele. Usiandike chiave, andika la chiave, kama vile mtoto wa Kiswahili hajifunzi "tabu" halafu aambiwe ki- baadaye.

Nakushauri uwe na daftari moja uliite daftari la mikia. Kila jioni nakili sentensi sita za kitabu chako cha darasani, lakini kila neno linalobadilika liachie nafasi mwishoni: L_ camer_ nuov_ è chius_. Lala. Asubuhi zijaze bila kutazama kitabu, kisha zigeuze zote ziwe wingi. Ni dakika kumi na tano. Programu za simu zitakupa maneno mengi na nyota nyingi za pongezi, lakini nyingi zinakuchagulia neno likiwa limeshavaa mkia wake, wewe unabonyeza tu. Wewe maneno unayo tayari, kwa hiyo mimi nisingepoteza saa zangu huko.

La pili. Usipite Kiingereza. Najua mwalimu anafafanua kwa Kiingereza na kitabu chenu bila shaka kimeandikwa hivyo, lakini ukitafsiri kutoka huko unazunguka Nairobi kwenda Kilifi. Niliposoma Perugia, kwenye chuo kikuu chao cha wageni, wiki ya kwanza mwalimu alitumia kipindi kizima kuwaelewesha wenzangu wa Ulaya kwamba Mwitaliano "hawi" na njaa, "ana" njaa. Ho fame. Mimi nilikaa nikishangaa shida iko wapi. Nina njaa, ho fame. Nina kiu, ho sete. Nina usingizi, ho sonno. Nina hofu, ho paura. Nina haraka, ho fretta. Na ile iliyokuponyoka kwenye karatasi: nina miaka ishirini, ho vent'anni. Ungeifikiria kwa Kiswahili usingeikosa hata kidogo.

Vivyo hivyo mi piace, ambayo ndiyo jinamizi la kila darasa la mwanzo. Waambie wenzako waache kuitafsiri "napenda". Ni "inanipendeza". Bahari inanipendeza, mi piace il mare. Paka wananipendeza, mi piacciono i gatti. Kinachopendeza ndicho kinachoongoza kitenzi, na mimi nimekaa katikati kama -ni-. Gelati ni nyingi, kwa hiyo piacciono. Basi.

Na hiyo io yako ya kila sentensi, itoe. Kwa Kiswahili husemi "mimi ninazungumza, mimi ninakaa, mimi ninasoma" isipokuwa unabishana na mtu. Ni- imeshasema yote. Kwa Kiitaliano -o ya mwisho ndiyo hiyo ni-: parlo, abito, studio. Parli, unazungumza, parla, anazungumza, parliamo, tunazungumza, parlate, mnazungumza, parlano, wanazungumza. Mkia tena.

Hapo kwenye parlano nisimame kidogo, kwa sababu ndipo tunapojulikana tumetoka wapi. Kiswahili mkazo wake ni silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Tofautisha barabara tunayopita na barabara ya "sawasawa kabisa", halafu utafute mfano mwingine kama huo, utahangaika. Kiitaliano nacho hupenda silabi hiyohiyo, lakini hakina uaminifu. Ni PAR-la-no, si par-LA-no. Ni A-bi-ta-no. Simu ni te-LE-fo-no, na "wanapiga simu" ni te-LE-fo-na-no, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho. Neno likiwa na alama mwishoni, kama città, piga huko mwisho. Sisi tuliokulia pwani tunaita papa yule samaki wa meno. Kwao Papa ni Baba Mtakatifu na papà ni baba yako wa nyumbani, na kinachowatenga ni mkazo. Chagua vizuri unayemwita.

Matamshi mengine nisikuchoshe nayo, sikio lako ni zuri. Ila kwenye imla umeandika kiave na chinque. Umesikia sawasawa ukaandika Kiswahili. Herufi zao zimegeuzwa: ch yao ni k yetu, na c ikifuatwa na e au i ndiyo ch yetu. Chiave, cinque. Bruschetta ina k ndani, wala usimsikilize mtu anayesema "brusheta". Gn ni ny ya nyanya, kwa hiyo bagno, maliwato, hauna shida nalo.

Herufi zilizorudiwa ndizo za kuogopa. Umeandika ano kwa n moja. Miaka ni anni na mwaka ni anno. Ano kwa n moja ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani, na wewe umemwambia mwalimu unazo ishirini. Usicheke sana, sote tumepita hapo. Sete ni kiu, sette ni saba: mgeni akiwa chumba namba 7 na mwingine akiwa na kiu, ukichanganya utapeleka maji kusikoitwa. Capello ni unywele, cappello ni kofia. Kama ulisoma madrasa, unayo dawa tayari: ni shada. Vile ulivyofundishwa kuikalia herufi yenye shada kabla ya kuiachia, ndivyo hivyo. An-no. Set-te. Kama hukusoma madrasa, muombe jirani aliyesoma akusomee aya mbili, usikie anapokaza. Kuna wanafunzi wangu wa Nairobi niliowapeleka kwa mwalimu wa Kurani kwa ajili ya kutamka cappuccino, na walirudi wanakitamka.

Sasa saa. Hili halimo kwenye karatasi yako lakini litakuja, na mimi liliniumiza. Miaka ya tisini nilikuwa kijana wa mashua pale Mida. Familia moja ilitaka kuzunguka mikokoni, nikawaambia kwa kujiamini kabisa domani alle due, kesho saa mbili. Nilimaanisha saa mbili asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Nikangoja weee. Wakafika saa nane mchana wamevaa kofia zao, watoto na maboya, na maji yameshakupwa, mashua imelala kwenye tope. Due ni saa nane. Mwitaliano akitaja saa, wewe toa sita au jumlisha sita: le sette ni saa moja, le nove ni saa tatu, l'una ni saa saba. Kwenye mtihani utaonyeshwa picha ya saa ya ukutani uandike. Hapo soma namba mshale mfupi unapoelekea na uisahau saa yetu kwa dakika moja.

Kuna jambo moja ambalo ufukwe umekufundisha vibaya kabisa, nalo ni adabu. Kule kila mtu ni ciao. Neno hilo kwa asili ni la Venezia na lilimaanisha "mimi mtumwa wako", heshima nzito tu, kama ile shikamoo yetu. Likachakaa kwa matumizi mpaka likawa "mambo vipi". Leo unamwambia rafiki, mtoto, au mtu mliyezoeana. Mwalimu wako, mzee, mgeni anayefika mapokezi, hao ni buongiorno, na ni Lei, ile "wewe" ya heshima. Lei inachukua kitenzi cha "yeye": Come stai?, u hali gani, ni kwa rafiki, Come sta? ni kwa mkubwa. Darasa la Waingereza linaona ajabu kumsemesha mtu uliye naye kama vile hayupo. Sisi tuliolelewa kumwuliza mzee "mama ameamkaje?" hali amekaa mbele yetu, hatuoni ajabu. Kwenye mtihani wa mazungumzo, ukiingia na buongiorno na Lei, umeshampendeza mtahini kabla hujakaa.

Kuhusu wakati uliopita, nadhani mtafika kwenye passato prossimo wiki ya tano au ya sita. Vitenzi vya kwenda, kuja, kuzaliwa, kufika vinachukua essere, yaani "kuwa", na mkia unafuata mtu. Kwa "nimekwenda" kaka yako atasema sono andato, wewe ni sono andata. Wanawake wengi wa ufukweni wanasema andato kwa sababu waliyemsikia akisema ni mwanamume. Sono nata a Watamu, nimezaliwa Watamu, iandike hiyo mara kumi, itakuja tu.

Ya kusikiliza. Matangazo ya redio zao yanakimbia mno kwa sasa. Mimi ni Mwislamu, lakini kwa miaka mingi nimewaelekeza wanafunzi wangu Vatican News. Wana idhaa ya Kiswahili na ya Kiitaliano, kwa hiyo habari moja unaweza kuisoma kwa lugha zote mbili bila kugusa Kiingereza. Na Jumapili adhuhuri ya Roma Papa husema dirishani kwa Kiitaliano cha taratibu, sentensi fupi fupi. Kwetu ni saa nane mchana, na wakati wa majira yao ya joto ni saa saba. Sikiliza dakika tatu za mwanzo, usitafute maana, andika mikia tu unayoisikia.

Mtu wa kuongea naye pia yupo. Napoli kuna chuo kikuu, L'Orientale, ambako vijana wa Kiitaliano wanasoma Kiswahili na wanahangaika na ngeli zetu kama unavyohangaika na le na gli. Mwalimu wako akikuunganisha na mmoja wao, mpeane nusu saa kwa nusu saa. Mkubaliane tangu mwanzo akusahihishe mikia, maana Waitaliano ni wakarimu, wataelewa io andare na kukusifu, na sifa hizo ndizo zilizokufikisha kwenye 11. Kaka yako naye mpe kazi: kila ukimpigia simu na kusema io essere, akate.

La mwisho ni swali la 12. Mliulizwa Vieni al mare domani?, yaani kesho unakuja baharini, na mjibu kwa neno moja. Umeandika Magari! na mwalimu ameweka alama ya kuuliza na mstari mwekundu, nadhani aliona umechomeka Kiswahili ukimzungumzia mambo ya magari na barabara. Binti yangu, hiyo umepata. Magari ni "laiti!", ni "ingekuwa hivyo!", na ndivyo Mwitaliano angejibu akiwa na hamu ya bahari lakini ana mtihani kesho. Hilo hulipati ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mwanzo, umelitoa ufukweni. Chukua karatasi, ngoja kipindi kiishe, wenzako watoke, kisha umwambie: Mi scusi, professoressa, può ricontrollare la domanda dodici? Yaani samahani mwalimu, unaweza kuliangalia tena swali la 12? Kama ni mwanamume, ni professore. Halafu uniandikie, nijue kama imekuwa 12.